Unapiga Miguu, Huendi: Matatizo ya Mtindo wa Kifua na Pa Kuanzia Kuyatafuta

Ukikaa ngazini Raskazone, ufukwe wetu wa kuogelea hapa Tanga, Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yanajaa, malalamiko utakayoyasikia hayazidi sita au saba. Huyu anapiga miguu lakini haendi. Yule miguu inazama. Mwingine akienda kidogo tu pumzi zimekwisha. Wiki ijayo wanakuja wengine na malalamiko yale yale, maana Tanga ni waja leo waondoka leo hata kwenye kuogelea, nami naanza upya. Bora niyaandike.

Jambo moja kabla ya yote. Katika mtindo wa kifua, ule wa kuogelea kama chura, panapouma mara nyingi sipo penye ugonjwa. Miguu ikizama, kakiulize kichwa. Pumzi ikikatika, kosa lilifanyika uso ukiwa bado majini. Na mikono, ambayo kila mwanafunzi huisingizia, ndiyo yenye hatia ndogo: kwa anayejifunza, msukumo mwingi hutoka miguuni.

Chini ya kila tatizo nimeanza na sababu ninayoiona mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra. Jaribu ya kwanza kwa mikono kumi, ndipo uhamie ya pili. Ninaposema mkono mmoja nina maana ya mzunguko mzima: vuta, pumua, piga, nyooka. Usirekebishe mawili kwa mpigo, hutajua lipi limekuponya. Na majaribio yote haya ni ya maji ya kifuani, na pawe na mtu anayejua kuogelea anayekutazama. Kama hayupo, leo kaa ngazini unywe madafu.

"Napiga miguu lakini siendi"

Hili linaongoza, na mara nyingi chanzo ni vidole vya miguu kunyooka nyuma. Aliyewahi kupiga kafi ndani ya mtumbwi anajua: ukiligeuza likakata maji kwa ubavu, utachoka na mtumbwi utabaki palepale. Wayo wako ndio bapa la kafi. Vidole vikinyooka nyuma, kama tunavyofanya kwenye mtindo huru, umeshaligeuza ubavu.

Lipime ukiwa nje ya maji. Kaa ngazini, nyoosha miguu mbele. Vuta visigino karibu na makalio, kunja vidole kuelekea ugoko, kisha vigeuze nje kama bata anavyotembea. Sasa sukuma kwa mduara hadi miguu ikutane imenyooka. Tazama kwa macho, usikisie. Wengi hugundua hapo kwamba mguu wa kulia unatii na wa kushoto una mambo yake. Halafu ingia majini, shika ukingo, lala kifudifudi, mwenzio asimame nyuma yako na akuwekee viganja vyake kwenye nyayo. Piga. Ukimsukuma kwa nyayo, umepata. Akihisi vidole vinamparaza, rudi ngazini.

Sababu ya pili ni mikono na miguu kufanya kazi kwa wakati mmoja. Mikono inafunguka huku miguu inasukuma. Ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Miguu isukume wakati mikono imeshanyooka mbele, na baada ya hapo usifanye kitu. Hapo ndipo watu wananishinda. Mtu mzima akiwa majini haamini kwamba kutofanya kitu ni sehemu ya kuogelea. Hesabu kimoyomoyo "nyooka, moja, mbili" kabla ya kuvuta tena. Kwenye bwawa la mita 25 kipimo ni rahisi: ukitumia zaidi ya mikono 25, kila mkono unakupa chini ya mita moja, yaani hutelezi, unahangaika. Baharini hesabu mikono kati ya maboya mawili, kwenda na kurudi, ili mkondo usikudanganye. Matthew Webb alipouvuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875, alitumia mtindo huu huu kwa karibu saa 22. Mwenye haraka ya kupiga mkono juu ya mkono bila kuteleza angechoka mapema.

Ya tatu ni kuleta magoti chini ya tumbo. Nina mwanafunzi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeanza akiwa na wajukuu tayari. Siku moja namwambia, "Shikamoo mwalimu, mbona umesimama?" Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Leo haya maji yananirudisha nyuma." Nikamtania kwamba maji yamelala kama mafuta kwenye karai. Kisha nikasimama ubavuni nikamtazama vizuri, nikajiona mjinga. Alikuwa anarudi nyuma kweli. Kila alipokunja miguu, mapaja yalishuka kama milango miwili yakayasukuma maji kwenda mbele, naye akarudi kama shubiri moja. Akipiga, anaipata ile shubiri. Akikunja, anairudisha. Dakika kumi yuko mbele ya nguzo moja.

Dawa yake ni maneno: "lete visigino kwenye makalio, usilete magoti kwenye tumbo." Paja lishuke kidogo tu. Kama maneno hayasaidii, lala chali, mikono ubavuni, upige miguu ya chura kwa mgongo. Goti likichomoza juu ya maji utaliona mwenyewe, na aibu itakufundisha.

Kwa akina mama zetu kuna sababu ya nne ambayo vitabu vya ng'ambo havitaitaja: leso, yaani kanga. Leso iliyofungwa ikashuka hadi magotini hairuhusu mguu wa chura, na dera likilowa linavuta maji kama wavu. Suruali ya kubana na kanzu fupi ya kubana juu yake vinasitiri na vinaogelea. Baibui usiingie nalo kabisa kwenye maji yanayozidi kiuno. Hilo ni suala la usalama kabla ya kuwa la mwendo.

Ya mwisho, nadra kwa ufukwe uliokingwa lakini ipo, ni kwamba huna kosa lolote, ni mkondo. Lala uelee bila kufanya kitu kwa sekunde 30 huku ukitazama mnazi au nguzo ya nchi kavu. Ikisogea, maji ndiyo yanayotembea. Toka, rudi yatakapotulia. Ukishachukuliwa kuelekea nje, usishindane nayo uso kwa uso: geuka chali, inua mkono mmoja kuomba msaada, na ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufukwe hadi mvuto uishe.

"Miguu inazama"

Mabaharia wana omo, mbele ya chombo, na tezi, nyuma yake, na mwili wako nao una vyote viwili. Mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo kifua kinaelea. Mapaja ni mazito, yanataka kushuka. Omo ikipanda, tezi inazama. Kinachopandisha omo karibu kila mara ni kichwa. Watoto wa pwani tumekua tukiogelea kichwa nje, tunaongea, tunacheka, tunamtazama anayetutupia mpira. Kwa kucheza ni sawa. Kwa mtindo wa kifua, kichwa kikikaa nje muda wote unaogelea kama mtu anayepanda ngazi.

Jipime hivi: jisukume kutoka ukingoni, mikono mbele, uso ukitazama mchanga ulio chini yako, usiutazame ukingo wa mbele. Hesabu hadi tano. Rudia kichwa kikiwa nje. Mwenzio atakueleza tofauti ya miguu bila kuulizwa.

Kama kichwa kiko sawa na miguu bado inashuka, huenda unateleza kupita kiasi. Najua hapo juu nimekusihi uteleze. Lakini mwendo ukifa, miguu inaanza safari ya chini, na mkono unaofuata unaanza na kazi ya kuiinua. Punguza hesabu ya mbili iwe moja. Ukiona bado, basi pengine ni mwili wako tu. Vijana wembamba wenye misuli huzama miguu zaidi, na hilo halina tiba wala haliihitaji. Utaelea vizuri zaidi baharini kuliko bwawani, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama kilo 1.025 wakati ya maji yasiyo na chumvi ni kilo moja. Anayejisifu hapa Raskazone akaenda kwenye bwawa la hoteli atajikuta ameshuka kidogo. Asishtuke.

"Pumzi zinakwisha baada ya mita kumi"

Mtu akiniambia hivi, swali langu ni moja: ulitoa pumzi lini? Wengi huivuta juu, wakaifungia ndani uso ukiwa majini, kisha wakitoka wanataka kutoa na kuvuta katika ule upenyo mmoja mdogo. Haitoshi. Ile hali ya kutaka kupasuka haitokani na kukosa hewa. Hewa unayo tele, ila imechakaa na hujaitoa.

Tiba ya kwanza haihitaji bahari. Nunua beseni. Yule mwalimu mstaafu alikaa wiki mbili na beseni uani kwake, jioni baada ya swala, wajukuu wamemzunguka wakihesabu. Anavuta kwa kinywa, anazamisha uso, anatoa povu polepole kwa pua na kinywa hadi mwisho, anainua uso, anavuta. Mara ishirini bila kusimama. Mwanzoni mara ya sita tu ilimshinda. Alipofika ishirini alikuja Raskazone, na siku hiyohiyo akaenda umbali ambao hakuwahi kwenda. Miguu yake ilikuwa vilevile mibaya.

Ikiwa povu unatoa na bado unakatika, angalia wakati wa kuinua kichwa. Kiinuke mikono inapokuja ndani kuelekea kifua, kirudi mikono inaponyooka. Anayechelewa huinua kichwa mikono ikiwa imeshaondoka, hana cha kumshikilia, anakunywa maji. Na anayevuta mikono hadi mapajani atachelewa daima. Ukishindwa kuviona viganja vyako kwa pembe ya jicho, umevivuta mno. Viwiko visipite mabega kurudi nyuma.

*Simama hapa.* Kifua kikibana au kuuma, kizunguzungu, mluzi kwenye kifua: toka majini, na usirudi hadi daktari akuone. Mwenye pumu aulize daktari kabla ya kuanza, na dawa yake ya kuvuta iwe ngazini, isiachwe nyumbani. Aliyepaliwa maji vibaya akaendelea kukohoa, kuhema kwa shida au kulegea saa chache baadaye apelekwe hospitali usiku huohuo, asisubiri asubuhi. Na yale mashindano ya vijana ya kuvuta pumzi nyingi za haraka kisha kukaa chini ya maji, sitaki kuyaona. Mtu huzimia bila dalili yoyote, na huzimia akiwa chini.

"Naambiwa napiga mkasi"

Mguu mmoja unapiga chura, mwingine unapita juu yake kama kwenye mtindo huru. Waliojifunza wenyewe wakiwa wadogo karibu wote wanao, na wanakwenda kasi kweli, ndiyo maana hawataki kuuacha. Kama huna mpango wa mashindano, sikulazimishi. Kwenye mashindano utaondolewa, kwa sababu kanuni zinataka miguu yote miwili ifanye mwendo mmoja kwa wakati mmoja, na viganja vyote viguse ukuta pamoja.

Chanzo cha kwanza ni mazoea. Cha pili ni kugeuza kichwa pembeni wakati wa kupumua. Bega linainama, nyonga inalifuata, mguu hauna la kufanya. Pumua ukitazama mbele na chini kidogo, kama unatazama maji yaliyo hatua mbili mbele yako. Chanzo cha tatu ni nyonga moja ngumu, na hii huwapata sana wacheza mpira na waendesha bodaboda. Piga miguu kwa mgongo, polepole mno, mwenzio akikuambia upande gani unachelewa. Polepole ndiyo dawa. Ukiongeza kasi mkasi unarudi.

"Goti linauma kwa ndani"

Hapa nabadilisha sauti, maana hapa sipendi ubishi.

Mara nyingi magoti yanafunguliwa mapana kupita nyonga, kisha miguu inafungwa kwa nguvu. Kano ya upande wa ndani wa goti inavutwa kila pigo, na mapigo mia mbili kwa siku ni mengi. Magoti yafunguke kidogo tu kuliko upana wa nyonga. Visigino ndivyo viende nje zaidi ya magoti. Baada ya hapo uliza umeongeza mazoezi kiasi gani. Mtu aliyekuwa anaogelea mara moja kwa wiki, akaamua Ramadhani imekwisha na sasa ni kila siku, goti lake halikuambiwa. Mwisho ni kuingia bila kupasha mwili joto. Dakika tano za kutembea majini na kuzungusha nyonga zinatosha.

*Simama hapa.* Maumivu ya goti yakitokea ukiwa unaogelea, acha miguu ya chura siku hiyo. Ogelea kwa mikono tu au kwa miguu ya mtindo huru. Goti likivimba, likigoma kukunjika au kunyooka, likilegea ghafla ukishuka ngazi, au maumivu yakiendelea siku kadhaa ukiwa umepumzika, mwone daktari au mtaalamu wa viungo. Mafuta ya nazi na kukandwa na jirani havitaunganisha kano. Na kama goti hilo uliliumiza zamani uwanjani, mwambie mwalimu wako siku ya kwanza, kabla hamjaingia majini.

"Maji ya kifuani naweza, kilindini nasahau kila kitu"

Hujasahau. Umeogopa, na mwoga huinua kichwa, akafunga pumzi, akapiga haraka: yaani makosa matatu ya hapo juu kwa pamoja. Kwa hiyo usirekebishe miguu ya mtu aliyeogopa. Mpe kwanza namna ya kupumzika. Kabla ya kwenda usipofika chini, uweze kulala chali dakika moja bila kujitikisa, uweze kujigeuza kutoka tumboni kwenda chali bila kugusa kitu, na uweze kukaa wima ukikanyaga maji kwa utulivu. Ukiwa navyo, ogelea sambamba na ufukwe kwenye maji yanayokuzidi kidogo, hatua chache tu kutoka unapofika chini. Usianze kwa kuelekea nje. Kisiwa cha Toten kinaonekana karibu sana siku ya jua. Kimewadanganya vijana wengi, na huku ndani ya ghuba ni njia ya vyombo vya bandari.

Sababu nyingine ya hofu hii ni kwamba kilindi kilikufuata wewe. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji kwenye pwani yetu hupanda zaidi ya mita tatu kwa muda wa kama saa sita. Pale uliposimama maji yakikufika kiunoni saa nne asubuhi, saa kumi jioni pamekuzidi kimo. Anayeanza namshauri siku za maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama simu. Na kusi likivuma kwa nguvu, mawimbi yakianza kuvunjika vichwa vyeupe, hakuna somo.

*Simama hapa.* Anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Yuko wima, kichwa nyuma, kinywa kinazama na kuibuka, mikono inabonyeza maji pembeni. Usimrukie kama hukufundishwa, mtazama wawili. Mtupie dumu tupu lenye kamba, ubao, hata tairi. Kwenye ngazi zetu napenda pawe na dumu la lita 20 lililofungwa kamba kabla mtu wa kwanza hajalowa. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112. Akitolewa hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu. Aliyefundishwa aanze kwa kumpulizia pumzi tano, kisha aminye katikati ya kifua mara 30 na pumzi mbili, aendelee hivyo hadi msaada ufike. Asiyefundishwa aminye kifua bila kusimama. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Unampotezea dakika alizobakiza. Na hata akiamka akacheka akasema yuko sawa, mpelekeni hospitali ya Bombo.

Yaliyobaki, haraka haraka

Maji puani: unaacha kutoa hewa kabla uso haujatoka. Toa kwa pua hadi mwisho.

Shingo au kiuno kuuma: kichwa tena. Kama ganzi inashuka mkononi au mguuni, acha na umwone daktari.

Miwani kuingiza maji: mara nyingi ni unywele au ukingo wa ushungi uliokaa chini ya mpira. Kukaza mkanda hakusaidii, kunakuachia alama tu.

Sikio kuziba: inamisha kichwa, vuta sikio taratibu, ruka kwa mguu mmoja. Usiingize njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Likiuma ukiligusa, likitoa maji au usaha, au ukapata homa, kaa nje ya maji uende kliniki. Na kama sikio hilo lilishawahi kutoboka, uliza huko kabla ya kuzamisha uso hata kwenye beseni.